Unapenda Magari na Unaishi Kigoma? Namna ya Kuyafanya Yakulishe

Haipiti wiki bila kijana kunisimamisha, mara sokoni Mwanga, mara stendi ya Masanga, na swali lake ni lile lile: "Kaka, mimi napenda sana magari. Nifanye kazi gani?" Ukimuuliza anapenda gari gani atakutajia Supra na GT-R, magari ambayo sijawahi kuyaona yakiteremka barabara ya Lumumba. Simcheki. Mimi nilijua kila kitu kuhusu 2JZ, injini ya Supra, kabla sijajua kubadilisha pedi za breki.

Leo ni fundi umeme wa magari. Kabla ya hapo nimeosha magari, nimekuwa saidia fundi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa deiwaka, yaani kibarua wa siku, kwenye Noah ya Kasulu. Kote huko nilijifunza jambo moja, nalo ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza: mji huu haumlipi mtu kwa sababu anapenda magari. Unamlipa kwa sababu gari la mtu mwingine limegoma kuwaka saa kumi na moja alfajiri na magunia ya dagaa yako juu. Ukitaka magari yakulishe, anza kulipenda hilo gari lililogoma, hata kama ni Probox iliyochoka.

Kabla ya hatua zenyewe

Jiulize kama ni lazima iwe kazi. Wapenda magari wengi ninaowafahamu hapa hawali kwa magari. Yupo nesi, yupo mwalimu wa hisabati, yupo mama anayeuza dagaa Kibirizi ambaye anajua sauti ya injini yake kuliko mimi. Wanapata riziki kwingine, na Jumamosi wanafungua boneti kwa raha zao. Mapenzi yakishakuwa kazi yanabadilika: ukirudi nyumbani unanuka dizeli, hamu ya kushika spana kwa ajili ya gari lako huna. Kama una mshahara, usiuache. Hatua ya kwanza hadi ya nne zinafanyika jioni na mwisho wa wiki.

Hatua ya kwanza: jua unapenda nini hasa kwenye gari

"Napenda magari" ni maneno mapana mno. Kuna anayependa kufungua na kuona ndani kuna nini. Huyo ni makenika. Kuna anayependa kulitazama gari linang'aa. Kazi yake iko kwenye rangi, kunyoosha bodi au kuosha. Anayependa kushika usukani ni dereva. Anayekumbuka bei ya kila IST iliyouzwa mjini mwaka mzima huyo ni dalali hata kama hajijui. Na kuna yule mtoto aliyekuwa anabomoa redio za nyumbani na kuchapwa kwa hilo. Huyo aende kwenye umeme.

Usichague kwa sababu rafiki yako amefanikiwa. Nilipoteza muda mrefu nikijaribu kunyoosha bodi kwa sababu jirani yangu alikuwa anapata hela, na sina jicho la kazi hiyo. Mlango niliounyoosha ulifunga vizuri tu, lakini ukiutazama kwa pembeni unaona mawimbi kama ya ziwa.

Hatua ya pili: hesabu magari ya mji wako

Chukua daftari, kaa sehemu yenye njia panda kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na muda kama huo kila jioni, siku tatu. Andika kila gari linalopita: aina, la biashara au la mtu binafsi, na kama linatoa moshi au mlio. Watu watakushangaa, waache.

Utaona kwamba mji una magari yake. IST na Probox, Noah, Hiace, Canter na Fuso za mizigo, Land Cruiser ngumu za mashirika yanayohudumia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na bajaji zisizohesabika. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Kujua Probox kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma kuna faida kuliko kujua kidogo kidogo magari hamsini.

Kisha tazama barabara, maana barabara ndiyo inayokuletea mteja. Mji wetu ni wa vilima, kwa hiyo breki zinaisha haraka na gari lenye rejeta mbovu linachemsha likipanda. Magari yanayoingia vijijini, nje ya lami, yanarudi na bushi zimekwisha, shokapu zinavuja na boli jointi zinagonga. Nilipokuwa deiwaka nilijifunza kutambua kwa sikio tu kipi kimeachia chini ya gari, na elimu hiyo sikulipia ada.

Hatua ya tatu: ingia gereji kama saidia fundi

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Gereji nyingi za Kigoma ziko chini ya mwembe au kwenye kiwanja chenye mabati mawili matatu. Usidharau. Cha kuangalia ni fundi anavyofungua kitu.

Babu mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini alinifundisha kupima fundi kwa hadithi ya Liemba. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku na kuunganishwa tena hapa Kigoma, ikaingia ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. "Tafuta fundi anayefungua kitu akijua kuna siku kitafungwa," aliniambia. Kwa hiyo tazama: nati anaziweka kwenye kopo au anazitupa mchangani? Waya akikata anauwekea alama? Kifaa cha zamani anamwonyesha mwenye gari au anakitupa kimya kimya? Fundi wa aina hiyo, hata kama ni mkali, kaa naye.

Patana mapema. Mwambie unataka kujifunza kwa muda gani, na uliza kama utapewa nauli na chakula. Mwezi wa kwanza utaosha vifaa kwa dizeli na kushika tochi, kubali. Ila ukimaliza miezi sita bado unatumwa vocha na maji tu, ondoka kwa adabu.

Kama una uwezo wa kusoma, VETA, vyuo vya serikali vya ufundi stadi, wana mafunzo ya ufundi magari, na faida yake kubwa ni nadharia ambayo chini ya mwembe haifundishwi. Na kama umeshajifunza mtaani miaka kadhaa bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima, wanakuongezea palipopungua, unapata cheti. Mashirika na ofisi za serikali hazikupi gari la kutengeneza bila karatasi, kwa hiyo usilipuuze hilo.

Hatua ya nne: nunua zana kwa mpangilio

Kosa la wapenda magari ni kununua zana inayopendeza kabla ya inayohitajika. Anza na multimita (kipimo cha umeme), seti moja ya soketi ya milimita 8 hadi 24 isiyo ya bei chee kupita kiasi, bisibisi nzuri mbili, koleo, tochi ya kichwani, na stendi za kuegeshea gari. Stendi hizo usizikwepe. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako mkuu anafanya hivyo.

Hatua ya tano: chagua kona yenye uhaba

Mjini kuna mafundi wengi wa kubadilisha bushi. Wanaojua umeme na kompyuta ya gari ni wachache, na ndiyo maana nilikwenda huko. Magari haya ya Japani yanazidi kuwa na sensa, na fundi asiyejua kuzisoma hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa hela ya mteja mpaka abahatishe.

Anza na betri, kwa sababu malalamiko mengi yanaanzia hapo. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikishuka chini ya 12 imekwisha chaji. Washa gari: sasa usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5. Ukibaki 12, altaneta haichaji, au chaji haifiki kwenye betri.

Hilo la mwisho liliniaibisha. Mzee mmoja aliniletea gari linalokufa betri kila siku mbili. Nikapima, nikaona haichaji, nikamwambia anunue altaneta. Ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja na basi, nikafunga, na hali ikawa ile ile. Tatizo lilikuwa waya wa erthi ulioliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Nilimrudishia hela yote ya ufundi na nikamsaidia kuuza ile altaneta. Tangu siku hiyo, kabla ya kumtuma mtu spea, nafanya hivi: gari likiwa linaunguruma na taa zimewashwa, naweka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ikisoma karibu na sifuri, erthi ni nzima. Ikizidi volti 0.3, nasafisha waya kwanza. Kazi ya dakika tano.

Ukishamudu hapo, nunua mashine ya dayagnosisi, ile inayosoma kompyuta ya gari. Chini ya usukani kuna tundu la pini 16. Vile vidude vidogo vya bei nafuu vya kuunganisha na simu vinasaidia, lakini jihadhari: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya zamani kidogo, yana tundu hilo hilo ila hayazungumzi lugha ya vidude hivyo. Utachomeka, simu itakuambia haioni gari, na mteja atadhani hujui kazi. Tafuta mashine inayozungumza na Toyota moja kwa moja, maana ndiyo wengi wa wateja wako.

Mashine haikuambii kifaa kipi kimekufa. Inakuambia kompyuta imeona nini. Mfano: IST inatikisika, taa ya injini imewaka, mashine inasoma P0302. Maana yake silinda ya 2 inakosa kuchoma mafuta. Inaweza kuwa koili inayopeleka umeme kwenye plagi, plagi yenyewe, nozeli ya mafuta au hata kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Usiuze koili papo hapo. Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa msimbo, endesha kidogo, soma tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu, kwa sababu ugonjwa umehama nayo. Ikibaki P0302, rudia mchezo huo kwa plagi. Mteja akiona hivyo kwa macho yake habishani bei.

Jambo moja la aibu lililoenea: kufuta taa bila kutibu. Gari linatoka likiwa safi, linafika Uvinza taa inawaka tena. Usilifanye.

Hatua ya sita: kagua magari kwa niaba ya wanunuzi

Hii ndiyo kazi tamu kwa mpenda magari, na Kigoma bado wachache wanaifanya. Mtu amepata kiinua mgongo au ameuza mzigo wa mawese, anataka gari, na dalali anamwambia "hili bosi ni la mama mmoja, analiendea kanisani tu." Wewe unalipwa kulitazama kabla hela haijatoka.

Kanuni yangu ya kwanza: nalipwa na mnunuzi, iwe atanunua au ataacha. Siku utakapopokea hata soda kutoka kwa muuzaji, jicho lako halioni tena.

Sema unakuja saa mbili, fika saa moja na nusu. Gusa boneti. Kama ni ya moto, wamelipasha mapema ili usisikie mlio wa kuwaka baridi, subiri lipoe. Likiwa la baridi fungua mfuniko wa rejeta na wa oili. Utelezi mweupe kama maziwa chini ya mfuniko wa oili ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Washa switchi bila kupiga stata: taa zote za onyo lazima zijitokeze kisha zizime injini ikiwaka. Taa ya injini isipotokea kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata gari likipata moto ni maji.

Tazama boliti za mafenda kama rangi imekwanguliwa na spana. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, gari lililowahi kuzama huacha alama ya tope huko. Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara la yai: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zina alama nzuri lakini ni za zamani? Punguza bei yake. Oili ya gia boksi inuse. Ikinuka kuungua, kaa mbali. Na muulize muuzaji waliweka oili gani, kwa sababu gia boksi za CVT (otomatiki zisizo na hatua za gia), kama zilizo kwenye baadhi ya Vitz, zinauawa na oili ya gia za kawaida.

Kama gari limetoka Japani hivi karibuni, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya mnada wa huko. Herufi R au RA kwenye daraja inamaanisha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kutu ya chini iangalie kwa tochi hata kama karatasi ni safi. Magari ya maeneo ya theluji yamepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi.

Mwisho karatasi: namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, jina la kwenye kadi lilingane na anayeuza, na faini za polisi ziangaliwe mtandaoni kwa namba ya gari kabla mtu hajazirithi.

Mwandikie mnunuzi ripoti ya ukurasa mmoja yenye makadirio ya matengenezo. Usimwambie nunua au usinunue. Mwambie ulichokiona.

Kazi nyingine, kwa haraka

Udereva wa abiria unahitaji leseni ya daraja C na vipengele vyake, na kupimwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Elewana kuhusu hesabu ya siku kabla hujashika funguo, na uliza nani analipa pancha.

Kuosha magari kunahitaji mtaji mdogo kuliko yote, maji na mkono mwepesi. Anayeosha anaona kila kasoro ya gari, na wengi hapo ndipo walipoanzia.

Duka la spea lina hela lakini hela hiyo inalala rafuni. Anza kwa kuagiza kwa oda kutoka Gerezani, Kariakoo, na usiagize bila malipo ya awali.

Halafu kuna hii ambayo wapenda magari wanaidharau: injini za boti. Teremka Kibirizi uone Yamaha za nguvu za farasi 40 zilizopangwa kwenye mitumbwi. Ni mashine rahisi za mapigo mawili, zinaharibika kwa oili iliyochanganywa ovyo kwenye petroli na kwa mchanga unaokula kile kifeni cha mpira kinachovuta maji ya kupoza. Mvuvi ambaye injini imegoma hawezi kusubiri hadi Jumatatu. Namfahamu jamaa aliyeacha magari kabisa akahamia huko, na ndiye tunayemkopa sisi.

Hatua ya saba: bei, daftari na serikali

Tenganisha bei ya spea na bei ya ufundi, uziandike zote mbili. Spea mteja alipie kabla. Kifaa kibovu mrudishie mkononi hata kama hakitaki. Ndugu na marafiki wapewe punguzo la ufundi, wasipewe mkopo wa spea. Mimi nina daftari zima la shemeji zangu na sitegemei kulifunga.

TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA, leseni ya biashara ni manispaa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, mkiwa kikundi chenye kazi inayoonekana. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao waulize kuhusu mafunzo ya kuendesha biashara.

Oili chafu weka kwenye dramu. Mji wote huu unaelekea ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa.

Hatua ya nane: gari lako mwenyewe

Usilinunue kwa hela ya kwanza. Nimeona vijana watatu wenye mikono mizuri wakinunua gari kabla ya mashine ya dayagnosisi, na wote wakaishia kulifanya teksi ili lilipe mafuta yake. Nunua zana, lipa kodi ya kiwanja ya miezi sita, weka akiba ya kurudisha hela ya mteja siku utakapokosea, ndipo utafute gari.

Langu ni Toyota GX100, silinda sita, injini ya 1G. Nililinunua likiwa limekufa gia boksi, na kwa mwaka wa pili sasa limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi saa tisa nafunga gereji, nalipiga stata, nalisikiliza kama robo saa, kisha nalizima na kulifunika turubai. Gia boksi iko Dar, imelipiwa nusu.